Jogoo wa Wajina

Kitengela,
16 Juni 1996

Kwa wifi yangu Celine,

Wajina wako amemaliza sasa hivi kumlisha jogoo uji. Ameketi mlangoni na kikombe chake, kijiko kimoja anatia mdomoni mwake, kinachofuata anampelekea jogoo, na jogoo naye anangoja zamu kama mtu aliyelelewa vizuri. Nimewanyang'anya kikombe. Wote wawili wameniangalia vibaya.

Baada ya hayo, pokea salamu zetu. Hapa tuko wazima, na natumaini huko Kajiado uko mzima na zile sufuria za shule hazijakuvunja mgongo. Ndugu yako Muema alikuja kutoka Magadi mwisho wa mwezi, jua limemchoma amebaki meno tu, akaleta magadi ya kupikia mahindi ya muthokoi ya kutosha mtaa wote. Mama yenu, Mwaitu, aliandika kutoka Mbooni kwamba mguu wake umepona, na anauliza kama mtoto ameanza kutembea. Ukimwandikia mwambie anakimbia. Kutembea tuliruka.

Wifi, tangu siku ya ubatizo sijakupa asante vile inafaa. Ulimpa mtoto wangu jina lako, halafu ukafanya vile mwenye jina hufanya kwenu, ukamletea wajina wako kuku. Watu wa kanisa bado wanaongea juu ya huyo jogoo, urefu wake, na vile alipiga chafya wakati mzee Nzomo anaombea chakula, tukasema ameitikia amina. Jioni ile ile nilimpeleka kwa nyumba ya kuku, nikamweka kwa mti wa juu kabisa katikati ya matetea wangu, maana mgeni wa heshima halazwi chini.

Mambo yangu na ndugu yako unayajua. Muema alisema mpaka Krismasi. Kuku wakiweza kulisha hii nyumba mpaka Krismasi, mimi na mtoto tunabaki hapa kwa ploti yetu, na yeye ataendelea kwenda na kurudi. Wakishindwa, nafunga vitu tunaenda kukaa naye Magadi, kwa kile chumba cha kampuni ambacho mwaka jana mtoto alitoka vipele vya joto mpaka ndani ya masikio. Sikatai kukaa na bwana yangu. Lakini hapa nimepanda miti mitatu, Wifi, na mmoja umeshanifika kiunoni.

Kuku wanaendelea. Wako na mafua kidogo tu ya baridi. Unajua Kitengela mwezi huu, upepo unatoka huko mbugani kwa nyumbu unaingia mpaka kwa mfuko wa sweta. Nimewachemshia pilipili na kitunguu saumu, na harufu peke yake imeniponya mimi mafua yangu.

Kwa kuwa Celine mdogo ni wewe, na nilimzaa mimi, basi nasaini hivi:

Mama yako,
Kathini


Kajiado,
9 Julai 1996

Kwa mama yangu mzazi Kathini,

Pokea salamu za mtoto wako mkubwa, ambaye ana miaka thelathini na mbili, meno yote, na hajalilia kunyonya hata siku moja. Kama kweli ulinizaa, mbona sijaona nguo mpya? Kiatu changu cha kushoto kimefungua mdomo kinaongea kuliko mimi.

Huku ni wazima. Wasichana wa shule wanalalamika maharagwe yana mawe, na mimi nawaambia mawe yanasaga chakula, waulize kuku. Mwalimu mkuu ameninunulia mwiko mpya mrefu kama kasia. Kivuva, dereva wa shule, anawasalimia. Bado anaongea juu ya supu niliyompikia mwezi wa tano, ati tangu azaliwe hajakunywa supu kama hiyo. Nilimwambia kuku wa Mbooni si mchezo. Usianze kuuliza maswali, ni dereva tu.

Nimesoma barua yako mara mbili. Umeniandikia upepo, umeniandikia nyumbu, umeniandikia miti mitatu. Mafua umeyataja halafu ukayapita mbio kama basi ya Namanga inavyompita mtu asiye na nauli. Na jogoo umesema habari zake za mwezi wa tano. Habari zake za sasa ni gani?

Nauliza kwa sababu Mwaitu pia anauliza. Unayajua maneno yake, lakini wacha niyarudie ili nikiulizwa niseme niliyasema. Kuku wa wajina ni wa mtoto. Hachinjwi, hauzwi, hapewi mtu, mpaka aliyemleta awe ameketi hapo hapo na kusema sawa. Wangu mimi nilipokuwa mdogo hakuna aliyethubutu kumgusa, alizeeka akawa kipofu, akawa anawika saa nane mchana akifikiri kumekucha. Mwaitu alimzika.

Ongeza maji kwa hiyo pilipili, usije ukawaunguza.

Ni mimi mtoto wako,
Celine mkubwa


Kitengela,
28 Julai 1996

Mtoto wangu mkubwa,

Asubuhi hii wajina wako ameiba kitambaa changu cha kichwa akamfunika nacho tetea mmoja, yule wa madoadoa, akamlaza ndani ya kikapu na kumwambia "lala, lala". Nilicheka kwanza. Halafu nikajiuliza mbona tetea anakubali kulazwa.

Tunakusalimia sana. Mama Kuntai hapa jirani amejifungua mtoto wa kiume, na kila nikienda kuwaona ananirudisha na kibuyu cha maziwa, kwa hivyo naenda kila siku. Amemfundisha wajina wako kusema "sopa" na sasa anasalimia kila kitu, mpaka punda wa maji. Kiatu chako nimesikia. Nitakununulia kingine ukiacha kukua.

Wifi, yale mafua kidogo yaligeuka yakawa mengi. Kuku wanakoroma. Ukipita nje utafikiri nimelaza wazee humo ndani. Macho yanavimba yanajifunga, puani kunatoka kitu kizito chenye harufu, na kutaga waliacha. Mimi nilijua ni baridi tu. Nikawawekea jiko la makaa ndani na kuziba kila tundu na magunia, nikaenda kulala nikijisifu. Asubuhi walikuwa hawawezi hata kuinua kichwa.

Nikamwita Nzau, yule wa duka la dawa ya mifugo pale stendi. Alimshika mmoja akaweka sikio kwa kifua chake kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Akaniuliza nani alinifundisha kukausha kuku kwa moshi kama samaki. Alinifanya nizibue matundu yote ya juu hewa itoke, nibakishe magunia upande wa upepo peke yake. Niwaoshe macho na maji ya vuguvugu yenye chumvi. Akanipa dawa ya unga ya kukoroga kwa maji yao ya kunywa, na akanikataza kula mayai wala nyama mpaka dawa iishe mwilini.

Halafu akauliza, "Nani alikuja mwisho hapa kwako?"

Nikamwambia ni mimi. Nilikuja na Muema mwaka wa tisini na nne.

Hakucheka. "Naongea juu ya kuku, mama."

Nikamwambia sikumbuki vizuri.

Nimepoteza karibu nusu, na yule wa madoadoa ni mmoja wao. Wajina wako bado anatafuta kwa kikapu. Hao wengine wameanza kula, na dawa inawasaidia, kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Muema sijamwandikia. Akija ataona mwenyewe, na mtu akiona huwa hasemi mengi kama akisoma.

Jogoo hajambo sana. Anawika.

Mama yako,
Kathini


Kajiado,
14 Septemba 1996

Mama,

Usinifikirie vibaya. Shule ilifungwa Agosti nikaenda Mbooni, na barua yako ikabaki imekaa kwa sanduku la shule mwezi mzima ikinisubiri kwa adabu. Nimeifungua juzi nimesimama jikoni, na nikaunguza ugali wa watoto mia tatu. Wamekula hivyo hivyo. Wamesema una ladha ya nyama choma.

Mwaitu ni mzima, anakusalimia, amekutumia pojo na ndizi, lakini ndizi Kivuva alikula. Alinipokea stendi ya basi, akanibebea mzigo, njaa ikamshika. Kuku wa Mwaitu wameangua wengi mwaka huu. Vifaranga wanakimbia uani kote, shingo uchi wote kama babu yao, utafikiri wametoka kinyozi. Mwaitu anasema hata ukiwamwaga sokoni katikati ya kuku elfu moja, wake atawaokota gizani kwa kupapasa.

Pole sana kwa kuku wako. Pole kwa yule wa madoadoa. Nimeandika pole mara mbili kwa sababu sijui niandike nini ingine.

Hilo swali la Nzau mimi sina maoni. Mimi ni mpishi.

Na jogoo umesema "hajambo sana". Kathini, mgonjwa akiandikiwa hivyo na daktari, watu wa kwao huanza kuchanga. Niambie ukweli. Na uniambie Muema alisema nini akija, kwa sababu mimi nikimuuliza huyo ndugu yangu ataniambia "hakuna kitu", vile amekuwa akisema tangu aanze kuongea.

Kengele ya chakula inalia. Kuna kitu nilitaka kukuambia lakini wasichana wameshapanga laini.

Celine mkubwa


Kitengela,
29 Septemba 1996

Wifi yangu,

Wajina wako amemfungulia jogoo tena. Sasa hivi. Fundo nililofunga mimi mtu mzima kwa meno, yeye amelifungua kwa vidole viwili, amemkumbatia shingo wanatembea uani pamoja wanaongea. Nimewaacha kidogo ili nikuandikie, maana leo nikingoja nafasi nzuri sitaandika.

Salamu kutoka kwa wote. Pojo zilifika. Ndizi pia zilifika, kwa tumbo la Kivuva, na nimeshukuru. Hapa kumekauka, vumbi la malori ya Namanga limepaka kila kitu rangi moja, mpaka pundamilia wa huku mbugani wamepoteza mistari.

Umesema nikuambie ukweli. Nzau alirudi mwanzo wa Agosti. Kuku wengi walikuwa wameacha kukoroma, nikajua tumepona, nikamchinjia chai na mandazi. Akaniambia nisifurahie mapema. Ati huu ugonjwa, kuku anapona kwa macho lakini ndani anabaki nao, na kila mgeni atakayekuja ataupata kutoka kwake. Akasema niwamalize wote waende kwa sufuria, nioshe nyumba, nipake chokaa, niache jua liingie na ikae tupu, ndipo nianze upya. Wote, alisema. Ukibakisha mmoja umebakisha ugonjwa.

Dawa ilipoisha mwilini mwao, nilifanya hivyo. Waliochukua niliwaambia wazi ni wa kula, wasiwachanganye na kuku wao. Nilisugua ile nyumba mpaka Mama Kuntai akauliza kama nahamia humo. Ikakaa. Nzau akaniletea matetea wapya, wazuri, macho maangavu kama ya mbuzi.

Mmoja tu ndiye sikumchinja. Unamjua. Nilisema ni wa mtoto, na Mwaitu alisema vile alisema, kwa hivyo nikamfunga nyuma ya jikoni mbali na wengine. Ungemwona hungesema aliwahi kuugua. Amenona, anang'aa. Lakini siku moja wakati naanika nguo, wajina wako akamfungua akambeba na miguu inaburuta mpaka kwa wale wapya, akawaambia "sopa" kwa niaba yake. Amefundishwa kwamba wageni wanasalimiwa. Wiki haikuisha nikasikia chafya ya kwanza.

Muema alikuja jana amerudi leo. Alisimama mbele ya nyumba ya kuku akawasikiliza. Aliingia ndani akapima kitanda kwa mikono, upana na urefu, vile mtu hupima akitaka kujua kama kitapita mlango wa mahali pengine. Halafu akasema upepo wa hapa ni mbaya kwa mtoto.

Wifi, Nzau anasema huyu jogoo akikaa nitakuwa naanza upya kila mwezi mpaka nichoke. Mimi siwezi kumchinja na siwezi kumuuza na siwezi kumpeleka kwa Mama Kuntai akamalize kuku wake. Sisemi alikuja na nini wala alitoka nacho wapi, hiyo siulizi. Naomba tu. Wewe ndiye ulimleta na wewe ndiye unaweza kusema sawa. Ukiona ni vibaya, niambie pia, nitaelewa, nitaanza kufunga vyombo.

Sasa hivi wamekaa chini ya mti ule mkubwa kidogo. Anamlisha majani.

Kathini


Kajiado,
12 Oktoba 1996

Mama yangu mzazi,

Hujambo. Mtoto hajambo. Mimi sijambo. Leo salamu ni fupi kwa sababu nimekasirika.

Nimekasirika kwa sababu umenyamaza tangu Juni. Umekaa na huyo jogoo miezi yote hiyo, umemfunga na kumfungua, umepoteza kuku wako mara mbili, na bado ukaniandikia anawika. Sasa ungenyamaza mpaka lini? Mpaka niwatembelee Magadi nikute mnakaanga kwa jua?

Umesema huulizi. Asante kwa kutouliza.

Mwaitu alisema aliyemleta awe ameketi hapo. Basi nitakuja kuketi. Tuna mapumziko katikati ya muhula, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Chemsha maji asubuhi. Usimkaange, mchemshe polepole na vitunguu na dania, maana jogoo wa umri ule ukimfanyia haraka atatung'oa meno, na mimi kama unavyojua nayahitaji bado nakua. Shingo ni yangu. Wajina apewe maini. Kivuva atanileta na gari yake, si ya shule, kwa hivyo chemsha maji mengi.

Hao wapya wenye chafya pia uwamalize, vile Nzau alisema. Na usianze wengine mpaka nyumba ikae tupu vizuri. Umejaribu haraka ukaona.

Juu ya Muema, nimemwandikia. Usiniulize nimemwandikia nini. Hiyo ni yangu na ndugu yangu, tulinyonya titi moja. Nitakuambia tu kwamba ni barua ndefu, na kuna mahali nilifuta mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka, nikaituma na tundu lake.

Usifunge vyombo.

Celine mkubwa


Kitengela,
21 Desemba 1996

Kwa wifi yangu mpendwa Celine,

Wajina wako ametoka hapa sasa hivi na kijiko chake. Kila asubuhi bado anapeleka uji nyuma ya jikoni, anasimama pale palipokuwa na ile kamba, anangoja kidogo, halafu anakula mwenyewe na kurudi. Halii. Leo ameenda hatua moja zaidi, amepita jikoni akaenda mpaka chini ya ule mti wa tatu, akasimama mbali vile nimemfundisha, akasema "sopa" kwa yule mpya.

Sisi tuko wazima kabisa. Mvua ilikuja, udongo mweusi umeshika miguu ya kila mtu, mpaka mzee Nzomo aliacha kiatu kimoja mbele ya lango la kanisa na kuhubiri hivyo. Mama Kuntai anakusalimia, na anauliza huyo mwanaume mrefu aliyekula vipande vinne ni nani wako. Nimemjibu ni dereva tu.

Nikupe habari ya jogoo mpya uliyeniletea ile siku tulipomchemsha yule wa kwanza. Nzau alikuja akamwangalia, akasema ni mzuri. Mimi nikasema hata kama ameshuka kutoka mbinguni na barua, atakaa kando kwanza. Nimemtengenezea kibanda cha kreti na magunia chini ya mti, ana maji yake na sahani yake, nikitoka kwake nanawa na kubadilisha viatu. Analalamika mchana kutwa. Hajapiga chafya hata moja. Matetea wapya wako ndani tangu wiki ya pili ya mwezi huu, nasimama mlangoni kila jioni nawasikiliza, na nasikia pumzi tu, pumzi safi, mpaka nasahau nilikuwa naenda kupika. Wiki ijayo Nzau akikubali nitawakutanisha. Nimefikiria kwamba Kivuva naye tungemweka kando wiki tatu kabla hajaingia kwa nyumba yenu. Mmechelewa, lakini kreti iko.

Sasa Wifi, kwa vile mifupa tumeshazika, wacha nikuambie kitu. Huyu mpya ana shingo uchi, amefungwa mguu na kamba ya katani iliyosokotwa na mkono wa Mwaitu, naitambua hata usingizini. Yule wa kwanza alikuja na manyoya mpaka kidevuni kama amevaa sweta ya kola, na mguuni alikuwa na kipande cha shuka nyekundu, vile wamama wa soko la Kisaju hufunga kuku wao. Mwaitu aliniandikia mwezi wa tano kwamba amekutumia jogoo wa mtoto. Mwezi wa sita wewe ukaniandikia, hapana, mwezi wa saba, kwamba Kivuva alikunywa supu ya kuku wa Mbooni. Mimi niliacha shule darasa la saba lakini hiyo hesabu hata wajina wako angeitoa.

Nilijua siku ile ile ya ubatizo, nikimfungua mguu. Sikusema kwa sababu ulikuwa umevaa ile nguo ya bluu na ulikuwa na furaha, na mtu hawezi kuja na mikono mitupu kwa ubatizo wa jina lake. Hata mimi ningeshuka Kisaju. Kile kitambaa chekundu nimekiweka. Siku ya harusi yenu nitamfunga nacho Kivuva mguuni, nikukabidhi.

Mwaitu sitamwambia. Hiyo ni yangu na mtoto wangu.

Sasa nakuandikia nikiwa na moyo juu kidogo. Leo ni siku Muema anakuja. Aliandika maneno machache, vile anaandika: kwamba atakuja Jumamosi na pikapu ya rafiki yake Kyule, na nisiende mahali. Pikapu, Wifi. Ya kubeba vitu. Hakusema ni vitu gani wala vinaenda wapi, na hakutaja kuku. Kuku wenyewe bado hawajataga hata yai moja la kumwonyesha, na Krismasi imebaki siku nne. Nimekaa tangu asubuhi naangalia barabara. Nimefunga sufuria moja tu kwa leso, ili akiniuliza nisionekane nimekataa. Hizo zingine ziko kwa moto. Kama atasema twende, nimeamua nitaenda bila kelele, lakini nitamwomba anisaidie kuuliza Mama Kuntai awe anamwagilia ile miti, na wewe unichukulie huyu jogoo uende

Ngoja. Kuna gari imeingia. Wajina anapiga makofi mlangoni.

Ni Muema, yuko nyuma ya pikapu amesimama, amejaa vumbi. Wifi, haiko tupu. Nilidhani itakuja tupu. Kuna mbao, kuna mabati, kuna waya ya kuku imeviringishwa kubwa kama ng'ombe aliyelala, na Kyule anashusha misumari. Na Muema ananicheka kwa sababu ameona ile sufuria moja kwa leso. Anasema, "Hiyo unapeleka wapi, Mama Celine?" Wewe ulimwandikia nini, Wifi? Tundu la ile karatasi lilikuwa na maneno gani? Sasa ananiita, ati niache kuandika nije nishike huu upande wa waya, na nimwonyeshe mlango wa nyumba mpya ya kuku utaangalia wapi, maana yeye hajui hapa upepo unatoka